Spana za bei mbaya na za bei poa: nyie mnaozishika kila siku, tofauti iko wapi hasa?

#1 ChiniYaGari
Wakuu, salaam.

Jana nilikuwa nabadilisha pedi za breki za mbele, kazi ya nusu saa. Bolti ya chini ya kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, ikagoma. Nikaweka spana namba 14 upande wa ringi, kutoka kwenye seti yangu ya bei poa, ile inayokuja na sanduku la plastiki lenye vitu mia na ushee ambavyo nusu yake sijui kazi yake. Nikavuta. Ikatoa mlio mdogo kama mtu aliyekanyaga changarawe, halafu spana ikazunguka, bolti ipo palepale. Vidole viwili vikaenda kugonga diski. Kuangalia, kona za bolti zimelala, zinang'aa kama zimepigwa msasa.

Jirani yangu ana seti ya Kijerumani. Kwa hela aliyotoa, mimi ningenunua seti zangu sita na chenji inabaki. Anasema ingekuwa spana yake, bolti ingetoka. Mimi naona anatetea hela yake tu. Chuma ni chuma.

Naombeni mniambie ukweli: hizi spana za bei mbaya zina nini cha ziada, au tunalipia jina? Na bolti yangu naitoaje?

#2 Kivuli_cha_Boneti
Naweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 MkongweWaShimo
Mchagua jembe si mkulima.

Nimeanza kazi hii na spana saba zilizochakaa, nilizoachiwa na fundi aliyenifundisha. Mbili zilikuwa zimepinda. Nimeshusha injini nazo, nimeshusha gia boksi nazo. Siku hizi kijana hajajua kulegeza nati anaulizia Mjerumani. Mkono kwanza, spana baadaye.

Bolti yako: mafuta ya kulegeza kutu, acha ilale usiku mzima. Kesho chukua soketi namba 13 ya pembe sita, ipigilie kwa nyundo juu ya hicho kichwa kilicholiwa mpaka ikae. Halafu vuta taratibu. Usichome moto, hapo jirani kuna raba za pini na raba ya pistoni.

#4 VerniaMkononi
Mzee MkongweWaShimo, heshima yako, ila jembe halina kona sita. Ukilima na jembe butu, shamba linachelewa. Ukivuta na spana legevu, bolti inakufa.

Mleta mada, kabla hatujaenda mbali: hiyo ringi ni ya pembe 6 au 12? Na kabla ya hiyo 14 ulijaribu kitu kingine?

#5 ChiniYaGari
Pembe 12. Zote kwenye seti ziko hivyo.

Mzee, asante, nimeshapaka mafuta.

#6 VerniaMkononi
Nilijua. Naona na swali la pili umelikwepa.

Sasa sikiliza. Bolti yenyewe haiji na kipimo kamili. Chukua ya M8 ya kawaida, yaani unene wa milimita 8, kichwa namba 13. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu kichwa hicho kiwe milimita 13.00 kikizidi, na 12.73 kikipungua. Yaani bolti mpya kutoka kwenye boksi inaweza kuwa imeshapungua robo milimita, na ni halali. Weka kutu juu yake, kutu ikidondoka imeondoka na chuma. Kwa hiyo upande wa bolti una nafasi ambayo huwezi kuizuia. Nafasi pekee unayoweza kuisimamia ni ya upande wa spana.

Mtengenezaji makini anabana tundu lake karibu kabisa na 13. Mwingine anaacha nafasi kubwa ili spana iingie kila mahali bila malalamiko na ukungu wake wa kutengenezea udumu. Nafasi mbili zikikutana, spana haishiki tena ubavu wa nati, inashika ncha ya kona. Na ringi ya pembe 12 inagusa kona kwa kipande kidogo kuliko ya pembe 6. Hapo ndipo kona zako zilipokwenda.

Soketi nzuri hazigusi kona kabisa, zimechongwa ili zisukume ubavu, kidogo pembeni ya kona. Kampuni ya Snap-on ya Marekani walifanya hivyo zamani wakaita Flank Drive. Siku hizi umbo la namna hiyo liko hata kwenye soketi nyingi za bei poa, kwa hiyo usilipie umbo peke yake.

#7 ChumaKimepikwa
Vernia kaeleza vizuri lakini kaanzia katikati. Nafasi haiui bolti kama spana yenyewe haifunguki.

Nimefanya kazi kwenye karakana ya kupika chuma, nina la kusema. Kila spana siku hizi imegongwa maneno "Chrome Vanadium". Maneno hayo yanakwambia kilichowekwa kwenye sufuria, hayakwambii kilivyopikwa. Chuma hichohicho kikichomwa mpaka kiwe chekundu, kikazamishwa kwenye mafuta, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kigae. Inabidi kirudishwe kwenye joto la wastani kwa muda unaotakiwa ili kipate uvumilivu. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayokula muda na umeme wa tanuri, na ndiyo ya kwanza kupunguzwa mtu akitaka kuuza rahisi. Ukiangalia kwa macho huwezi kujua. Inang'aa vilevile.

Zikipikwa vibaya zinakuja za aina mbili. Kuna laini: mdomo unafunguka kidogo kila ukivuta, wewe hujui, unadhani bolti imelika. Na kuna ngumu kupita kiasi: haifunguki, siku moja inapasuka. Mleta mada, ingiza hiyo 14 kwenye bolti mpya ya 14 uitikise. Ikicheza, umepata jibu lako.

#8 MkongweWaShimo
Chuma kinapikwa, kinarudishwa motoni, kinavumilia. Mbona kama unaeleza ndoa yangu.

#9 MamaStata
Hahaha mzee.

Habari zenu. Mimi ni fundi, nafanya zaidi umeme wa magari, stata na alternata. Nina spana za bei mbaya na za bei poa, na za bei poa ndizo zenye thamani kwangu. Ngojeni nieleze msinicheke.

Kuna stata zimefichwa nyuma ya injini, bolti ya juu huioni, unaipapasa tu. Hakuna spana ya dukani inayofika. Basi nachukua spana ya bei poa namba 14, nakata mpini ubaki kama urefu wa kidole, naukunja kidogo, naparua unene wa ringi upande mmoja mpaka uingie kati ya bolti na ukuta wa injini. Ninazo nne za namna hiyo, kila moja ina gari lake. Mteja akija na gari fulani, najua droo gani.

Sasa niambieni, nani mwenye moyo wa kukata spana ya Kijerumani kwa grainda?

#10 ChumaKimepikwa
MamaStata, safi sana. Ila ukiparua, chovya kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Ukiona rangi inaanza kuwa ya majani makavu, punguza. Ikifika bluu, chuma kimeshapita nyuzi 290 hivi, na ugumu wa pale umepungua.

#11 MamaStata
Ndiyo maana moja yangu imefunguka mdomo! Miaka yote nailaumu bei. Asante kaka.

#12 Piki_Mbili
Mnaongea spana tu, bisibisi je? Kwenye pikipiki za Kijapani ndiko nilikokoma.

Skrubu za kabureta, zile za kichwa cha msalaba. Bisibisi ya bei poa ikazila, nikanunua ya bei mbaya, ya jina kubwa la Ulaya, nayo ikazila. Nikajiona sina mkono. Baadaye mzee mmoja akanionyesha kidoti kidogo kwenye kichwa cha skrubu. Akaniambia hiyo si msalaba wa Phillips, ni ya kiwango cha Kijapani, JIS. Ukiitazama haraka ni ileile, lakini ncha ya Phillips haizami mpaka chini, inapanda na kuruka. Akanipa bisibisi ya JIS, ya bei ya kawaida kabisa, skrubu ikatoka kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo wakuu, kuna wakati bei haihusiki. Kifaa sicho, basi.

#13 Kivuli_cha_Boneti
Kumbe! Mimi najua msalaba ni msalaba.

#14 VerniaMkononi
Ipo na Pozidriv, ile yenye vimistari vyembamba katikati ya mikono ya msalaba. Nayo watu wanaichokonoa na Phillips halafu wanalia. Phillips yenyewe ni ya miaka ya 1930, General Motors waliitumia kwenye Cadillac mwaka 1936. Tangu hapo dunia nzima inadhani kila msalaba ni wake.

Piki_Mbili umesema kweli. Turudi kwa mleta mada, bado hajajibu swali langu la bandiko namba 4.

#15 ChiniYaGari
Sawa, nakiri. Kabla ya hiyo 14 nilianza na spana malaya, ile ya kukaza na kulegeza mdomo. Ilikuwa karibu.

#16 VerniaMkononi
NILIJUA.

#17 MkongweWaShimo
Mwanangu, spana malaya kwenye bolti ya breki? Uzi mzima wanamlaumu Mchina na spana zake za bei poa kumbe muuaji yuko hapa hapa.

#18 Piki_Mbili
Msiitukane, hiyo spana ina ukoo wake. Aliyeivumbua ni Mswidi, Johan Petter Johansson, miaka ya mwanzo ya 1890. Kampuni ya Bahco wanaitengeneza mpaka leo. Wadenmaki wanaiita ufunguo wa Kiswidi.

#19 Mtu_wa_Bomba
Sahihisho kidogo: Johansson aliiboresha, lile umbo tunalolijua leo ndilo lake. Spana ya kukaza na kulegeza mdomo ilikuwepo kabla. Mwingereza Edwin Budding, yuleyule aliyevumbua mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830, alikuwa na yake mwaka 1842.

Na mimi ni fundi bomba, natumia malaya kutwa. Tatizo si yeye, ni mshikaji. Taya inayotembea inatakiwa iwe upande unakovuta, ili nguvu kubwa ibebwe na taya isiyotembea. Watu wanaigeuza kinyume, inafunguka, wanalaumu. Ila kwa bolti iliyoshika kutu siipendekezi hata mimi.

#20 Piki_Mbili
Nimepokea sahihisho mkuu. Mtu anavumbua mashine ya nyasi na spana, mimi hapa skrubu nne zilinishinda.

#21 Mkono_Mshono
Nimesoma kimya kimya mpaka hapa. Naona hakuna aliyegusa usalama, na mimi nina ushahidi mwilini.

Nilikuwa natumia mashine ya upepo kufungua nati za gurudumu. Soketi zangu za mashine, zile nyeusi, kuna mtu aliziazima. Nikasema ngoja niweke hii inayong'aa, soketi ya mkono ya kawaida, mara moja tu. Nati ya tatu, paaa. Soketi imepasuka, kipande kimeingia kwenye mkono juu kidogo ya kifundo. Nimeshonwa nyuzi tano. Daktari aliniuliza kama nilipigwa risasi.

Zile nyeusi hutengenezwa mara nyingi kwa kromu-molibdeni na kuta nene, zinavumilia kugongwagongwa. Za mkono zimepikwa ngumu zaidi, hazitaki kugongwa. Na soketi iliyopasuka haikuwa ya bei poa. Ilikuwa ya jina, tena la kuringia. Kwa hiyo unaweza kununua ghali na bado ukanunua isiyofaa kwa kazi yako. Vaeni miwani.

#22 Kivuli_cha_Boneti
Pole sana mkuu. Nyuzi tano, na hapa tuko kwenye uzi.

#23 Mkono_Mshono
Asante. Huo utani hata nesi aliufanya.

#24 Hesabu_za_Droo
Wakuu, mimi sio fundi wa gereji, natunza magari yangu mawili mwenyewe. Mtu kama mimi nafungua bolti hiyo ya kalipa mara moja kwa mwaka. Fundi anaifungua mara nne kwa siku. Kwanini tuulize swali moja na kutaka jibu moja?

Ninavyonunua: seti ya bei poa kwanza. Kifaa kinachovunjika au kinachochakaa kwa kutumika, nanunua kizuri cha hicho kimoja. Miaka sita sasa. Nimebadilisha racheti, soketi namba 10, 12 na 14, plaizi moja, na bisibisi mbili. Vingine vyote kwenye sanduku bado vina mafuta ya kiwandani. Ningenunua seti nzima ya bei mbaya, ningekuwa nimelipia vitu themanini vya kuangalia.

Na hiyo dhamana ya maisha wanayoisifia, jamani, ni maisha ya nani? Kifaa kikivunjika saa tatu usiku gari liko juu ya stendi, dhamana haikuletei kingine. Kama hakuna pa kukipeleka kirahisi, hayo ni maandishi kwenye boksi.

#25 MkongweWaShimo
Huyu ndiye mtu wa kwanza humu kuongea kama mimi.

#26 ChumaKimepikwa
Hesabu_za_Droo, mpango wako ni mzuri kwa kifaa, si kwa kinachofunguliwa. Unasubiri kifaa kivunjike ndipo ujue ni kibovu. Lakini spana mbovu mara nyingi haivunjiki, inavunja bolti. Mleta mada spana yake ni nzima mpaka sasa, bolti ndiyo imekufa. Kwa mpango wako hiyo spana ingerudi kwenye sanduku ikisubiri bolti nyingine.

#27 Hesabu_za_Droo
Hapo umenibana. Lakini pia, si spana malaya ndiyo iliyoanza?

#28 ChumaKimepikwa
Ilianza, haikumaliza.

#29 Toku_Renchi
Habari za saa hizi. Naona kila mtu anaongelea kufungua, hakuna anayeongelea kukaza, na huko ndiko bei ina maana yake.

Spana kuwa mbaya utaiona, inateleza. Toku renchi, ile spana ya kupimia mkazo, ikiwa mbaya huioni. Inatoa "tik" yake vizuri tu, wewe unaondoka na amani, kumbe umekaza nusu au umezidisha. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6789 kinataka zile za kubofya zisikosee zaidi ya asilimia 4 (kuanzia zaidi ya Nm 10, yaani njutonmita, kipimo cha mkazo), na zipimwe tena kila baada ya miezi 12 au mikazo 5,000, chochote kitakachotangulia. Ya kwangu ilikuja na cheti cha kupimwa chenye namba yake. Hicho cheti ndicho nilicholipia.

Na ukimaliza rudisha kipimo chini, kwenye namba yake ya chini kabisa, si chini ya hapo. Usiiache imekazwa kwenye 110 mwezi mzima, springi inachoka. Na usiitumie kufungulia. Nimeona mtu anafungulia nati za gurudumu kwa toku renchi, nikaondoka pale kimyakimya.

#30 MkongweWaShimo
Mkono wangu una "tik" yake.

#31 Toku_Renchi
Mzee, shikamoo, naheshimu huo mkono. Ila tufanye hesabu. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya pawa baa, ule mpini mrefu wa kufungulia nati, ya nusu mita, hiyo ni karibu Nm 340. Nati za gurudumu za gari dogo nyingi zinataka mia na kidogo. Ndiyo maana watu wanakwama na gurudumu la pancha: mtu mwenye "tik" ya mwili alizikaza kwa mguu. Na bolti za pini za kalipa, kama hiyo ya mleta mada, kwenye magari mengi madogo ni kati ya Nm 25 na 40. Haikutakiwa igome kiasi hicho. Aliyeifunga mara ya mwisho alizidisha, au kutu.

#32 MkongweWaShimo
Marahaba. Mara ya mwisho nani aliifunga? Mleta mada jibu.

#33 ChiniYaGari
Sio mimi. Fundi fulani, gari nililinunua likiwa limetumika.

Nauliza kingine: racheti. Naona wanatangaza meno 72, meno 90, mpaka 120. Ni ya kweli au mapambo?

#34 VerniaMkononi
Ni hesabu tu. 360 gawanya kwa meno. Meno 24 unahitaji kuzungusha mpini nyuzi 15 ndipo ishike jino lingine. Meno 72, nyuzi 5. Meno 120, nyuzi 3. Kwenye nafasi ya wazi huoni faida. Kwenye kona ambayo mpini una nafasi ya kutikisika kidogo tu, meno 24 hayafanyi kazi kabisa, mpini unakwenda na kurudi na nati haijui kama upo.

Ila meno yakizidi yanakuwa madogo, na yakiwa madogo yanataka chuma kizuri kilichochongwa vizuri. Hapo ChumaKimepikwa aje aringe. Meno 120 ya bei poa sana, mimi naogopa kuliko meno 36 ya bei poa.

#35 ChumaKimepikwa
Nimekuja, nimeringa, naondoka.

#36 Plaizi_Nyekundu
Mimi nitasema jambo moja tu nisepe. Plaizi. Nilikuwa kambi ya bei poa maisha yangu yote mpaka nikashika Knipex Cobra ya mtu. Unaibonyeza kitufe, inakaa kwenye bomba, unaachia mkono, inabaki imening'inia. Ukivuta inajibana zaidi. Kampuni yenyewe ni ya Wuppertal tangu 1882, na plaizi ndiyo kazi yao.

Spana nzuri na mbaya zinafanana sana mpaka siku ya kugoma. Plaizi utajua dakika ya kwanza.

#37 Kivuli_cha_Boneti
Unalipwa na nani mkuu?

#38 Plaizi_Nyekundu
Ningelipwa ningekuwa na mbili.

#39 Mtu_wa_Bomba
Nakazia ya Plaizi. Na niongeze kwa wanaosoma "Mjerumani" na "Mchina" kama aya za dini: vifaa vingi vizuri vinatoka Taiwan, na baadhi ya hivyo vimegongwa jina la kampuni ya nchi nyingine kabisa. Viwanda vya nchi moja vinaweza kutoa cha kutupa na cha kurithi. Tena feki zipo, jina kubwa kwenye chuma cha sufuria. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ila siku hizi kibaya kimejifunza kujiuza.

#40 Hesabu_za_Droo
Kabla hamjanunua seti yoyote, angalieni namba. Magari ya Kijapani yanapenda 10, 12, 14, 17. Ya Kijerumani 10, 13, 16, 18, na ya zamani 17 na 19. Bolti ya M10 peke yake ina vichwa vitatu: 14 kwa Mjapani, 16 kwa kiwango cha ISO, 17 kwa DIN, kiwango cha Kijerumani cha zamani. Seti nyingine ina vitu mia na themanini lakini inaruka 12 au 16, halafu inakujazia vya inchi ambavyo gari lako halina.

#41 ChiniYaGari
Wakuu, IMETOKA.

Mafuta usiku mzima. Leo nikaenda kwa jirani kuazima soketi yake ya pembe sita namba 13. Akauliza ya nini kwenye bolti ya 14. Nikamwambia nataka kuipigilia kwa nyundo. Akarudisha soketi mfukoni, akafunga na geti.

Nikatumia 13 yangu ya bei poa, kwenye soketi ziko za pembe sita kumbe. Nyundo mara nne, ikakaa. Pawa baa, nikavuta taratibu kama mzee alivyosema. Kwanza kimya. Halafu "kriii", robo mzunguko. Nilikaa chini kabisa.

Sasa kuna jambo, mnisamehe. Wakati napanga vifaa kwenye sanduku nimeona nafasi ya 14 ina spana ya 14 imelala, safi, haina mkwaruzo. Ile niliyokuwa nimeishika juzi imeandikwa 9/16.

#42 VerniaMkononi
9/16 ni milimita 14.29. Karibu theluthi ya milimita juu ya 14. Juu ya bolti ambayo yenyewe imepungua. Kwa pembe 12. Baada ya spana malaya. Nimemaliza, sina la kuongeza, nafunga ofisi.

#43 MkongweWaShimo
Mkono kwanza, spana baadaye. Bandiko namba 3, nendeni mkasome tena. Na macho pia.

#44 ChumaKimepikwa
Taratibu. Umeijaribu hiyo 14 halisi kwenye bolti mpya?

#45 ChiniYaGari
Nimejaribu kwenye bolti mpya niliyonunua ya kurudishia. Inacheza. Sio sana, ila inacheza. Ya jirani, upande wake wa ringi, haichezi, inaingia kwa kusukumwa kidogo.

#46 ChumaKimepikwa
Basi hata ungeshika hiyo 14 yako sahihi bado kulikuwa na hatari.

#47 VerniaMkononi
Na hiyo haijawahi kutumika, kwa hiyo haijafunguka. Imezaliwa hivyo. Hiyo ni nafasi, siyo upishi. Kesi yangu.

#48 ChumaKimepikwa
Kwenye ukungu uliochoka. Mtu anayebana matumizi kwenye ukungu anabana na kwenye tanuri.

#49 Toku_Renchi
Na mimi nasema aliyezidisha kukaza ndiye chanzo. Mleta mada, tuwekee picha ya bolti ya zamani.

#50 ChiniYaGari
Hii hapa. Shingoni, chini ya kichwa, kuna mistari minne imeng'atwa pembeni. Sikuigusa mimi pale.

#51 Mtu_wa_Bomba
Hayo ni meno ya koleo la bomba. Nayafahamu kama mwandiko wangu. Kuna mtu kabla yako alishafika hapo.

#52 Piki_Mbili
Kwa hiyo muuaji ni wa nne sasa? Malaya, 9/16, nafasi, na fundi wa zamani.

#53 Hesabu_za_Droo
Wa tano, jirani aliyefunga geti.

#54 ChiniYaGari
Jirani nimemsamehe. Ila bado anasema ingekuwa spana yake ingetoka mara ya kwanza, na sasa sina namna ya kumbishia, bolti imeshatoka.

Bolti mpya nimekaza kwa toku renchi ya kuazima, Nm 30 kama kitabu cha gari kinavyosema. Pedi zimekaa. Asanteni wote. Soketi namba 13 imebaki imenasa kwenye kichwa cha ile ya zamani, haitoki, nimezitundika zote mbili ukutani.

#55 MamaStata
Hongera kaka. Hiyo 9/16 kama huitaki, usitupe. Kuna stata moja hapa imenishinda tangu Jumatatu, bolti zake ni za inchi, na nina grainda na ndoo ya maji.